Kandambili Zilizoanikwa Mlangoni

Ndugu zangu, najua mmechoka. Leo ni siku ya ishirini na saba ya funga, koo zimekauka, na mimi mwenyewe magoti yananiuma. Kwa hiyo sitawaweka sana. Nisikilizeni kisa kimoja tu, kisha tuswali.

Palikuwa na mama mmoja, mume wake fundi uashi. Mgongo ulimlaza mumewe kitandani tangu mwezi wa Rajabu, na tangu hapo mama yule akawa ndiye mwanamke, ndiye mwanamume. Asubuhi anafua nguo za watu, mchana anachota maji, magharibi anawadanganya wanawe watatu kwamba ule uji mwepesi ndio futari yenyewe. Mnaujua uchovu ule? Si wa mwili tu. Ni uchovu wa kuchekea watu huku ndani unaungua.

Maana hakumwambia mtu. Alikuwa wa kufa na tai shingoni. Na Idi ndiyo hiyo inabisha. Mtaani kwao watoto hupita nyumba kwa nyumba kupewa mkono wa Idi, na watu, Mungu atusamehe, huanza kuwatazama miguuni. Wanawe walikuwa na kandambili, tena zile zilizokwisha kushonwa kwa waya.

Basi siku ya mwisho ya funga, baada ya adhuhuri, akakaa chini na gundi na kipakiti cha glita, ule unga unaometameta wa kupambia kadi za harusi. Anapaka gundi kwenye ukanda wa kandambili, ananyunyiza glita, anapuliza. Ukanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Macho yanajifumba yenyewe. Akapamba na vibanio vya nywele, akapamba na kipochi cha plastiki cha binti mkubwa.

"Mama," binti yule akauliza, "kesho tutakula nini?"

"Kesho mtapendeza."

"Sikuuliza hivyo, mama."

Mama akainuka. Akazianika kandambili kizingitini zipigwe na jua, akaegemea ukuta nyuma ya pazia la mlango.

Hakuwa amekata tamaa. Alijua wagawa fitri wa msikiti wao hupita siku ile. Kwenda kuomba asingeweza, ulimi ungemkatika. Lakini alijisemea moyoni: wakipiga hodi, nitawakaribisha. Wakiniuliza hali, leo sitasema njema. Nitasema kweli, nimechoka.

Wakaja, mzee mmoja na mkewe, na mkokoteni wa mchele. Akasikia nyayo zao zikisimama mlangoni.

"Hapa je?" mzee akauliza. "Fundi nasikia haonekani kazini siku hizi."

"Hebu tazama viatu hivyo, mume wangu. Mwenye njaa atapata wapi nafasi ya kutia kandambili nakshi? Hawa wako vizuri, mashaallah. Twende zetu, jua kali."

Nyayo zikaondoka.

"Mama, waite!" binti akanong'ona. "Waite, mama!"

Mama akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Alikuwa amechoka, ndugu zangu, amechoka hata neno moja lilimwia zito.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, mke wa yule mzee akawaona watoto, akapiga makofi kwa furaha. "Wamependeza hawa! Mwanangu, nifundishe na mimi, nimpambie mjukuu wangu."

"Nitakufundisha, mama," akasema mama wa watoto, akacheka. Tumboni mwake mlikuwa na maji matupu.

Sasa niambieni, nani aliyekosa? Nawaona mnamtazama yule mama. Alijitakia, mnasema, si angesema? Haya, ana sehemu yake, na wewe uliyejificha nyuma ya glita yako, tafuta mtu umwambie leo kabla hujatoka hapa. Lakini mimi nimewashikilia wale wawili. Hawakuiba hata punje. Walifunga mwezi mzima. Walisukuma mkokoteni juani, na jasho lao Mungu analijua. Dini imetufundisha kubisha hodi mara tatu kabla hatujarudi. Tatu! Wao hawakubisha hata moja. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na sisi tunaisoma nyumba nzima pale pale mlangoni, tunatoa hukumu, tunajiendea zetu.

Kesho kutwa fitri itatoka hapa, na nyinyi wa safu ya mbele ndio mtakaoibeba. Mkirudi, msinihadithie bati la mtu wala pazia lake. Nitamwuliza kila mmoja wenu swali moja tu: ulipopiga hodi, ni nani aliyekuitikia?