Nani Amchukue Domodomo wa Bi Nyanjige?

Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawageukia ninyi.

Katika nyumba moja jijini Mwanza waliishi wapangaji watatu. Masalu, fundi redio, alikuwa na masikio ya kunasa sauti ambazo wengine huzipita. Generoza alikuwa mshonaji, na uzi uliokaa vibaya haukuponyoka jicho lake. Mwajabu alilima mchicha nyuma ya nyumba, na mikono yake iliujua udongo.

Mwenye nyumba, Bi Nyanjige, mkunga mstaafu, alifuga domodomo sebuleni katika tangi la kioo. Huyu ni samaki wa maji baridi, mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Mwilini hutoa umeme hafifu usioweza kumshtua mtu, na kwa umeme huo hujua njia gizani. Mchana hujificha, kukiingia giza hutembea. Tangu afiwe na mumewe, Bi Nyanjige alizungumza na samaki huyo kila jioni.

Siku ya kwenda kupasuliwa nyonga, aliwaambia wapangaji wake, "Nikipona nahamia kwa binti yangu Singida, na samaki hawezi safari ile. Huyu akipatwa na lolote, atakayeniokolea nikamkuta hai, namwachia awe wake."

Hata hakujapita siku nyingi, tangi likapata ufa. Watatu wakachanga, wakanunua jingine lenye kokoto za rangi na taa kali. Lilipendeza kweli! Lakini samaki akajibana pembeni, akakonda, akaanza kulalia ubavu.

"Tutamwambia nini bibi wa watu?" Mwajabu akauliza.

Generoza akainama kwenye kioo, akatazama sana. "Jamani, mdomo umechubuka! Huyu hula kwa kuchimba, na kokoto zinamkata." Akaenda ziwani, akaleta mchanga laini, akauchekecha na kuuosha mpaka maji yakatoka safi, akautandaza badala ya kokoto. Mdomo ukapona. Ila samaki hakutoka pembeni.

Masalu akatumbukiza nyaya mbili majini, akaziunga na kikuza sauti cha betri. Spika ikageuza umeme wa samaki kuwa mlio wa kuchoka: tk... tk... Akazima taa. Tk-tk-tk-tk! "Mnasikia? Mwanga ndio unaomtesa!" Akaing'oa taa, akafunika kioo kwa khanga, akazamisha kipande cha chungu kiwe pango. Jioni ile samaki akazunguka tangi zima. Ila chakula cha dukani alikinusa, akakiacha.

"Vumbi kavu hilo hata mimi nisingekula," akasema Mwajabu. Akafukua matuta yake penye unyevu, akatoa minyoo myembamba, akaisuuza, akaidondosha. Domodomo akachomeka mdomo mchangani, akameza mmoja, kisha wa pili. Mwajabu akapiga kigelegele hadi majirani wakatoka nje.

Bi Nyanjige akarudi kutoka hospitali, akitembelea fimbo.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Yuko wapi?"

Wakashusha mapazia, wakafunua khanga. Spika ikalia kwa kasi, na samaki, mnene na mng'avu, akaja moja kwa moja hadi kwenye kidole alichoweka bibi kiooni.

"Miaka yote nazungumza naye mimi tu," bibi akasema, machozi yakimtoka huku akicheka. "Leo na mimi nimemsikia!" Akaanza kucheza na fimbo yake, na nyumba nzima ikacheza naye.

Walipotulia, akauliza, "Haya, nani kaniokolea?"

"Mimi, Bibi," akasema Generoza. "Kwa mdomo ule wa vidonda angekula vipi?"

"Lakini hata ulipopona hakutoka pembeni," Masalu akadakia. "Mimi ndiye niliyemrudishia giza lake."

Mwajabu akatabasamu. "Na alipotoka, alikuwa anakufa njaa. Minyoo hiyo ilitoka kwa nani?"

Bi Nyanjige akawatazama mmoja mmoja. Kwa kuwa yeye alikuwa anahama, wapangaji wake nao walikuwa wanatawanyika: Generoza Bukoba, Masalu Geita, Mwajabu Musoma. Samaki ni mmoja, na ahadi ni ya mtu mmoja.

Haya, mlioketi hapa, wakubwa kwa wadogo: ungekuwa wewe Bi Nyanjige, tangi hilo ungemkabidhi nani?