Timu ya Karatasi

Timu ya karatasi haina ndugu. Nimewaambia hivyo kwa sababu tangu asubuhi mnabishana kuhusu hizo timu zenu za kwenye simu, kama mziendeleze au mziache maana zinawakosesha raha. Mmeniuliza msemo huu umetoka wapi. Ulianzia Mafinga, kwenye kiwanda cha mbao nilichofanyia kazi, na mimi nilikuwepo.

Pale kila fundi aliandika kwenye karatasi majina kumi na moja ya wachezaji wa ligi ya kata, akiwachanganya kutoka timu yoyote aipendayo. Mchezaji wako akifunga, unapata pointi. Kipa wako asipofungwa, unapata nyingi zaidi. Anayeshika mkia huwachemshia wenzake chai msimu mzima. Gaudensi alikuwa ameichemsha hiyo chai mwaka uliotangulia, na sisi, Mungu atusamehe, tulimwita Mama Chai hata mbele ya wakwe zake.

Msimu uliofuata ikafika fainali, naye, ili atushinde sote, alihitaji jambo moja tu: kipa wake asifungwe. Lakini mshambuliaji wa timu pinzani alikuwa Vitus, mdogo wake wa damu, aliyemlea mwenyewe tangu baba yao alipofariki.

Wiki ile hofu haikumwacha. Kipa akikohoa, Gaudensi alimpelekea tangawizi mpaka nyumbani. Mara mbili niliuvuta mkono wake usiguse msumeno, kwa kuwa macho yake hayakuwa kwenye kazi.

“Gaudensi, achana na mchezo huu, utakuua,” nikamwambia.

“Nikiacha sasa mtasema nimeogopa.” Kisha akanong'ona, “Kinachonitisha ni kwamba jana nilimwombea Vitus augue. Si sana. Homa tu.”

Siku ya fainali Vitus hakuwa na homa yoyote. Dakika za mwisho alichomoka na mpira peke yake, kipa akatoka golini, wakagongana vichwa. Mpira ukapita nje ya mlingoti wa goli. Gaudensi akaruka juu, mikono hewani, akipiga kelele za furaha. Uwanja mzima ulikuwa kimya. Ndipo alipoona kwamba kipa ameketi, lakini mdogo wake amelala bila kutikisika.

Tulimbeba Vitus juu ya ubao hadi zahanati. Gaudensi alishika upande wa kichwa, akimwita kwa jina njia nzima. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa siku ile, maana kijana hakuitika. Ilipita saa nzima ndipo akafumbua macho, akamtafuta kaka yake.

“Kaka,” alisema kwa tabu, “nilikusikia ukishangilia. Nikajua mpira umeingia.”



Vitus alipona. Msimu mpya ulipoanza tulimpelekea Gaudensi karatasi, safari hii tukimwita bingwa, kwa kuwa pointi za kipa yule zilikuwa zimemfikisha juu yetu sote. Akaturudishia bila kuandika jina hata moja.

“Andikeni ninyi,” alisema. “Timu ya karatasi haina ndugu.”