Aliyeimba Mkiani mwa Ndege

Wapendwa, palikuwa na ndege moja ya mabomu, wakati wa ile vita kubwa ya enzi za babu zetu. Siwasimulii ili muisifu kazi yake. Kule ilikopita iliacha wajane na yatima. Nawasimulia kwa ajili ya mtu mmoja tu aliyekuwa ndani yake.

Karibu wote walikaa mbele, bega kwa bega. Mmoja alikaa mkiani peke yake na bunduki yake, amewapa wenzake mgongo, akiangalia adui asije kwa nyuma. Hakuwaona wenzake, wala wao hawakumwona. Walisikilizana kwa simu tu, kwa waya uliopita tumboni mwa ndege.

Sasa, huko juu walikopaa hakuna hewa ya kumtosha mtu. Kila mmoja alivuta hewa ya mtungi kwa mrija. Na mrija ukiziba, mtu hapigi kelele. Anachangamka! Anajisikia vizuri, anachekacheka kama aliyeonja pombe, kisha analala, halafu basi. Wote walifundishwa hivyo. Ndiyo maana kapteni wao alikuwa na desturi ya kuwaita kwenye simu mmoja mmoja, kila baada ya muda mfupi: "Upo?" Na kila mtu lazima ajibu, "Nipo, napumua."

Lakini huyu wa mkiani alikuwa mtu wa kulalamika. "Kapteni, huku baridi inaniua." "Kapteni, mrija wangu una majimaji." Wakamchoka. Wakampa jina, Bwana Baridi. Mmoja akamwambia, "Ndugu yangu, sote tunasikia baridi. Hebu tupe hata siku moja ya raha!"

Mnacheka? Haya, chekeni. Na wao walicheka.

Siku moja wakaenda, wakamaliza kazi yao, wakageuza kurudi. Mchana kweupe, jua linawaka, adui haonekani. Mara wakasikia mtu anaimba kwenye simu. Bwana Baridi! Anaimba wimbo wa harusi wa kwao, anakosea maneno, anajicheka mwenyewe.

"Jamani, leo kuna nini huko nyuma?" akauliza kapteni.

"Kapteni, leo kuna joto! Leo huku kuzuri!"

Joto? Mahali ambapo mtu akitema mate yanaganda? Walifurahi mno hata hawakujiuliza. Wakamwitikia kiitikio. Ulipofika wakati wa kuitana, kapteni akawaita wote, akamruka yeye. "Wa nyuma si tunamsikia," akasema, "ya nini kumsumbua?" Baadaye wimbo ukakoma. Wakasema amechoka, mwacheni apumzike.

Wakatua. Mafundi wakaizunguka ndege wakitafuta matundu ya risasi, kama kawaida yao. Fundi mkuu akapiga makofi: "Hakuna hata tundu moja!" Basi ikawa shangwe, watu wanakumbatiana chini ya bawa. Kapteni akaenda hadi mkiani, akagonga huku anacheka. "Bwana Baridi, shuka! Tumefika nyumbani."

Hakushuka.

Walipomtoa walikuta mrija umeziba kwa barafu. Ni yale majimaji aliyoyasema kila siku. Yalikuwa pumzi yake mwenyewe, imegandia humo. Kapteni akakaa kwenye nyasi, kofia mkononi, akirudia tu: "Lakini alikuwa anaimba. Nilimsikia anaimba."

Ndugu zangu, inaniuma kusema, lakini nitasema. Sisi hapa ni hodari wa kutafuta matundu. Tunajua nani hakuja ibadani, nani kagombana na mkewe, nani hajapeleka watoto shule. Yule aliyekuwa akitulalamikia tukamchoka, siku akianza kutuchekesha tunapumua. Tunasema, "Afadhali, siku hizi yuko vizuri." Nani alimwuliza?

Juzi tumemzika mwenzetu wa benchi la mwisho, lile la karibu na mlango. Nilisimama pale makaburini, nikawasikia mkinong'onezana: "Lakini Jumapili alituchekesha sote." Niliwasikia. Ndiyo maana leo nimewaletea ndege hii.

Kwa hiyo sitatoa baraka bado. Kaeni. Sasa geukeni nyuma. Piteni benchi kwa benchi, mumshike kila mtu mkono, hata huyo anayecheka, hata huyo wa kwaya mwenye sauti kubwa kuliko wote, mumwulize, "Upo?" Na msimwachie mkono mpaka ajibu.

Mkimaliza huko nyuma, mje na huku mimbarini. Na mimi nimewaimbia asubuhi nzima.