Nyamizi na Saa Inayojua Kalenda

Bwana Lugusha alikuwa na saa za kale kumi na tisa. Ya ishirini aliiazima kwa Nyamizi, fundi cherehani, akakataa kuirudisha. Ndicho kitu pekee ambacho baba alimwachia Nyamizi, nayo, ikienda yenyewe, ilijua kila mwezi una siku ngapi.

Nyamizi akamfuata karamuni, akamkuta ameivaa mkononi.

"Nitakurudishia siku itakapoonyesha tarehe thelathini Februari," alisema Bwana Lugusha. "Wageni wangu ni mashahidi."

Wageni wakacheka.

"Sawa, mzee. Kwani kuipanga unajua, au unaivaa tu kama bangili?"

"Binti, taja tarehe yoyote."

"Aliyozaliwa baba. Thelathini Januari."

Bwana Lugusha akabonyeza kitufe cha tarehe, kisha cha mwezi, akainua mkono wote waone.

Nyamizi akajikuna kichwa. "Samahani, mzee, nimekosea mwezi. Sogeza mmoja mbele."

Bwana Lugusha akabonyeza mara moja kitufe cha mwezi, kisichogusa tarehe, kwa maringo, akamnyooshea mkono mgeni wa karibu. "Hebu msomee."

"Thelathini," alisoma mgeni, akakohoa. "Februari."

Nyamizi alikuwa ameshatandaza leso kuipokea.