Mlango Ambao Sheikh Mundhir Hakuusikia

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Wasit aliishi Sheikh Mundhir bin Shuaib, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeshikilia kwamba elimu hupokewa kinywani mwa mwalimu, na kilichosomwa karatasini pekee ni wino tu. Aliyekosa darsa moja hakupewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha. Mwanafunzi wake Dirar alikosa siku moja kwa homa. Sheikh akamwambia, "Homa inakusamehe kutokuja, mwanangu. Haikufundishi."

Mwaka huohuo alimjia Bibi Lubaba, binti wa marehemu mwalimu wake, aliyesikiliza nyuma ya pazia kitabu chote cha sheria ambacho baba yake alimfundisha Sheikh, na ambacho Sheikh sasa alikifundisha. Aliomba idhini ya kuwafundisha wanawake. Sheikh akamjibu kwamba aliyesikia bila kuonekana hana shahidi.

Ikapita miaka ishirini. Dirar, ambaye sasa alikuwa muuza vitabu, alipata nakala ya kitabu kile iliyoachwa na marehemu mmoja aliyesoma pamoja na Sheikh. Pembezoni mwa kila darsa yaliandikwa majina ya waliohudhuria. Akaingia nayo msikitini, akasoma mbele ya wanafunzi: "Mlango wa Mirathi. Mundhir hayupo. Ana homa."

Akaifunga. "Maulana, tulifunzwa kwamba homa haifundishi."

Sheikh angeweza kusema mwandishi alikosea. Mwandishi alikuwa kaburini. Aliitazama hati, kisha akasema, "Ni kweli. Mirathi niliisoma karatasini, nikajisahaulisha. Niliowapa ijaza ya mlango huo, naitangua."

Wanafunzi wengi walihama wiki ile. Makadhi aliowafundisha walimlaani.

Waliousikia mlango ule walikuwa wamefariki wote, ila Bibi Lubaba. Sheikh akaenda kwake, akaketi kizingitini.

"Nisomee Mirathi, bibi."

Alikuwa akichambua dengu, wala hakuuacha ungo. "Nilikuwa nayo kifuani, Sheikh. Uliponikatalia nikairudia peke yangu miaka kumi. Kisha nikachoka kuusomea ukuta. Sasa nimebakiwa na mwanzo tu."

"Nisomee huo mwanzo."

Akamsomea sentensi tatu. Ya nne hakuwa nayo.

Tangu hapo Sheikh alikifundisha kitabu hadi sentensi hizo tatu, akimtaja Lubaba kuwa mwalimu wake, kisha akikifunga. Wasikilizaji wake hawakuzidi watano.

Ndugu zangu, tunausifu ukweli wa Sheikh, na unastahili sifa. Ila ulibisha hodi Lubaba alipokwisha kusahau. Mola atusamehe yale tuliyoyazuia tukidhani tunayalinda.