Wanachama wa Jukwaa la Kaskazini

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata bibi yangu alihadithiwa tu, wanyama wa Bonde la Nyasi Ndefu walikuwa na nyumba zao, majiko yao, ugomvi wao na timu yao ya mpira. Timu iliitwa Umande. Jezi zake zilikuwa za kijani, na mwenyewe hakuwa mmoja. Uwanja waliulima pamoja, kila nyumba ikapanda fungu lake la nyasi, hata mtu akikaa jukwaani aliweza kukuonyesha: zile pale penye kona ni nyasi za mama yangu.

Sogeeni karibu. Na wewe uliyeko mlangoni, funga mlango, naona ubaridi.

Basi, palikuwa na Pelele. Mnamjua pelele? Mnyama mdogo, hazidi paka, mkia hana, anaishi kwenye pango la mti. Lakini sauti yake! Ukiisikia utadhani kuna mtu anachinjwa. Krrr... krrrr... krrriaaaa! Wakubwa waliisikia miaka na miaka wasijue inatoka kwa nani, maana nani angedhani inatoka kwenye kifua kile? Naye Pelele alinyamaza. Ukiwa mdogo, kitu kama hicho unakiweka akiba.

Pelele alikuwa shabiki. Umande ikifungwa, siku hiyo hali kitu. Mkewe, Mama Chonge, hapiki, anajua chakula kitalala. Mti wao ulikuwa nyuma ya lango la kusini, na baba yake Pelele na babu yake walizikwa upande wa pili, nyuma ya jukwaa la kaskazini, pamoja na mashabiki wote wa zamani. Ndiyo ilikuwa desturi. Shabiki wa Umande akifa, anazikwa na kipande cha jezi ya kijani, na jina lake halifutwi. Anabaki mwanachama.

Sasa ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa bonde, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Bwana Kiboko alikuwa na chama chake, Chama cha Tope. Bwana Nyati naye alikuwa na chake, Chama cha Vumbi. Ukiniuliza mimi, tope ni vumbi lililopata maji, lakini enzi zile ungesema hivyo ungepigwa. Kiboko akaona mashabiki wanavyojaa uwanjani, mate yakamtoka. Akaleta jezi mpya, zote rangi ya tope.

"Kuanzia leo," akasema, "timu hii ni yangu!"

Nyati kusikia, naye mbio, akaleta nyavu mpya za magoli na jezi zake nyekundu za vumbi.

"Timu bila nyavu ni nini? Timu ni yangu!"

Mama Chonge akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi mtu akiniletea kanga, kanga naipokea. Sijamwambia avue viatu aingie ndani."

Lakini wengine hawakucheka. Nusu ya wachezaji wakavaa tope, nusu wakavaa vumbi. Nyumba zikagawanyika. Bi Kanga na dada yake, waliokuwa wakichoteana kila kitu kuanzia chumvi hadi siri za watu, wakaacha kusalimiana. Na siku Umande ilipocheza na timu ya ng'ambo ya mto, ikawa aibu. Ngiri alikuwa winga. Akakimbia na mpira, vuuu! Swala yuko peke yake mbele ya goli.

"Nipe! Nipe, ndugu yangu!" Swala akaita.

"Kaombe pasi kwa chama chako!" Ngiri akamjibu, akaupiga mpira nje.

Wakafungwa mpaka kipa akakaa chini.

Jukwaani kaskazini, kwenye nyasi za safu ya mbele, alikaa Mzee Kobe, mwanachama mkongwe kuliko wote. Alitazama, akatazama, kisha taratibu akaingiza kichwa ndani ya gamba. Hakukitoa tena.

Na kwenye mazishi, wanangu, hata sitaki kusema. Tope walileta bendera yao wamfunike. Vumbi wakaleta yao. Wakaivuta maiti huku na huku, Kobe wa watu akawa anayumba kama beseni majini. "Alikuwa wetu!" "Wetu, alinipungia mkono!" Pelele alisimama pembeni ana kipande cha jezi ya kijani mkononi, machozi yanamtoka. Mwishowe alikipenyeza ndani ya gamba bila mtu kumwona.

Tangu siku ile Bi Kanga akawa na maneno mapya. Ati kila asubuhi umande unaanguka uwanja mzima, ila pale alipokuwa akikaa Mzee Kobe pamebaki duara kavu. Wenzake wakamwambia aache umbea. Pelele mwenyewe akamcheka.

Haukupita muda Kiboko akatangaza kwamba Jumamosi anahamisha timu, inakwenda bwawani kwake. Nyati akatangaza kwamba Jumamosi hiyo hiyo wachezaji wake wanahamia malishoni kwake. Uwanja ugeuzwe machungio. Jumamosi ikifika, Umande basi.

Pelele hakula siku ile, na mechi haikuwepo.

"Utafanya nini, baba watoto?" Mama Chonge akauliza. "Ukimsukuma Kiboko, anadhani nzi katua."

"Sitamsukuma mimi," Pelele akasema.

Sasa kuna jambo sijawaambia. Kila timu ina kamati moja ambayo hakuna timu inayokubali kuwa inayo. Ni ile ya mambo ya dawa. Ndiyo inayoamua timu isipite getini iruke ukuta, au iingie uwanjani kinyumenyume, ili kilichofukiwa na adui kisiwapate. Pelele alikuwa mjumbe wa kamati hiyo kwa sababu anapenya kila tundu. Wakubwa wale wawili hawakumheshimu kwa lolote jingine, lakini kwa mambo hayo walimwogopa.

Akaenda bwawani.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Sema haraka, kidudu."

"Nimekuja kukupongeza. Timu unaichukua, nani akuzuie na mwili huo? Ila wanachama umeshajitambulisha kwao?"

"Nimehutubia wote!"

"Walio hai, ndiyo," Pelele akasema.

Maji bwawani yakatulia tii.

"Kwani... kuna wengine?"

"Mheshimiwa, kwetu mtu akifa jina halifutwi. Na wale wa chini ndio wengi. Anayeichukua timu bila kuwaona, wanamfuata mpaka nyumbani. Hawapigi hodi."

Kiboko akameza mate, gudu! "Wanataka nini?"

"Uende alfajiri ya Jumamosi, peke yako. Usipite getini. Pita nyuma ya lango la kaskazini, uingie kinyumenyume, usigeuke, mpaka duara la katikati. Hapo useme taratibu: timu ni yangu. Wakikubali, hutasikia kitu."

"Na wakikataa?"

"Watakugusa."

"Wapi?"

"Nyuma."

Kiboko akayazamisha matako majini.

"Wakikugusa," Pelele akaendelea, "usigeuke kabisa. Anayegeuka akawaona uso kwa uso, analala nao kaburini. Piga kelele tu, kwa nguvu zako zote: timu si yangu, ni ya wenyewe! Mpaka wakuachie."

Kutoka hapo akaenda kwa Nyati, akamweleza yale yale, isipokuwa lango.

"Upuuzi!" Nyati akafoka. "Mimi mambo hayo siamini. Mimi ni kiongozi wa kisasa."

"Sawa, mheshimiwa. Kwaheri."

"Ngoja. Siamini, lakini ulisema niingie lango lipi?"

"La kusini, mheshimiwa."

Halafu Pelele akapita kwa Bi Kanga, akamnong'oneza: "Alfajiri ya Jumamosi kuna jambo uwanjani. Atakayekuja aache jezi za vyama nyumbani, akae jukwaa la kusini, asikohoe. Jukwaa la kaskazini asikae mtu, kaburi la Mzee bado bichi. Siri hiyo, usimwambie mtu."

Jua halijazama, bonde zima lilikwishajua, isipokuwa wale wawili. Kwa nini wao hawakuambiwa? Kwa sababu kila mtu alitaka kuona.

Alfajiri ile ukungu ulishuka mzito, mweupe kama tui. Mashabiki wakaja wananyata, wakaketi kusini. Rangi haikuonekana. Ukikaa karibu na mtu, hujui ni wa Tope au wa Vumbi, unasikia pumzi yake tu. Bi Kanga alijikuta amemshika bega dada yake, akataka kuondoa ubawa, akauacha.

Mama Chonge alikaa nao, amewaziba watoto wake midomo. Pelele alipanda juu ya mwamba wa lango la kusini.

Kimya. Hata ndege hawakulia.

Mara kutoka kaskazini: dii... dii... dii... Kiboko anarudi kinyumenyume, macho ameyafumba. Na kutoka kusini: kwata... kwata... kwata... Nyati naye, mkia ameubana. Kila mmoja anausikia mshindo wa mwenzake nyuma yake, kila mmoja anadhani ni moyo wake.

Kiboko akafika katikati. Akanong'ona, "Timu ni yangu."

Na nyuma yake kabisa, ndani ya ukungu, sauti ikanong'ona, "Timu ni yangu."

Nywele zikanisimama mimi niliyehadithiwa, sembuse wao! Sauti ya mtu mwenye hofu haijulikani ni ya nani. Kiboko akarudi hatua moja. Nyati akarudi hatua moja.

Pwaa!

Makalio kwa makalio. Kiboko akasikia kitu kipana, kibaridi, kina manyoya yaliyolowa. Nyati akasikia kitu kikubwa, kinateleza, hakina nywele hata moja. Geuka? Thubutu! Kila mmoja akasukuma ili kimwachie. Anavyosukuma ndivyo anavyosukumwa. Akizidisha, nacho kinazidisha.

"Mamaa! Wana nguvu!"

Ndipo Pelele akavuta pumzi juu ya lango. Krrr... krrrr... krrrriaaaa! Ukungu wote ukalia. Na kabla mlio haujaisha, kutoka lango la kaskazini ukajibiwa, mzito zaidi, mrefu zaidi, kama unatoka chini ya ardhi: krrrr... krrrrr... krrrriaaaaa!

"Timu si yangu!" Kiboko akapiga yowe. "Si yangu, ni ya wenyewe!"

"Si yangu!" Nyati analia. "Chukueni na nyavu zenu! Ni ya wenyewe, nawaapia!"

Wakaachana, mbio! Kiboko akakimbia, di di di di, mpaka bwawani, chubwi! Na mpaka leo mkimwona amezama ametoa macho tu, anachungulia kama bado wanamfuata. Nyati akaingia matetini, kacha kacha kacha. Na yeye mpaka leo hapendi kitu kije kwa nyuma.

Jukwaani watu wakaangua kicheko. Walishikana, wakaanguka, Tope juu ya Vumbi. Bonde zima lilikuwa limesikia, na bonde zima lilikuwa shahidi. Ngiri akamfuata Swala, akainama, akasema, "Ile pasi bado inaniuma, ndugu yangu."

"Mimi ndiyo imeniuma zaidi," Swala akasema, lakini alicheka.

Mama Chonge akamkumbatia mumewe. "Leo umelia, baba watoto! Ila nieleze, ulitokaje kusini ukafika kaskazini haraka vile?"

Pelele akamwangalia. "Sikutoka kusini."

"Ule mlio wa pili je?"

"Nilidhani ni wewe."

"Mimi nilikuwa nimewaziba watoto midomo. Kama hivi."

Kicheko kikaanza kukatika, safu kwa safu, maana ukungu ulikuwa unapanda. Uwanja ukaonekana wote umemetameta kwa umande. Kisha likaonekana jukwaa la kaskazini, ambalo hakukaa mtu. Na kule, kuanzia safu ya nyuma mpaka ya mbele, nyasi zililala chini, kavu, madoa madoa, makubwa na madogo, yamekaribiana kama watu waliobanana kutazama mechi kali. La mbele kabisa lilikuwa duara, la ukubwa wa gamba. Nyuma yake palikuwa na mawili madogo, hayazidi paka, yameketi bega kwa bega.

Pelele aliyatambua: baba na babu. Alivua kofia.

Bi Kanga peke yake ndiye aliyefungua mdomo. "Si niliwaambia?"

Wachezaji walikwenda kutafuta jezi za kijani, kuukuu, zenye viraka, wakazivaa. Jumamosi ile Umande ilicheza pale pale ilipozaliwa, na Ngiri alipompa Swala pasi ikawa bao, kusini walipiga kelele. Kisha wote, bila kuambizana, wakageukia kaskazini. Wakasikiliza upande wa pili.

Mimi hapo ndipo nilipoiacha, na wao nimewaacha uwanjani. Shikeni hili moja: usiseme kitu ni chako kabla hujawauliza walioumia kwa ajili yake.