Chupa ya Kilele

Bia ya Kilele ilinunuliwa kwa miadi, kama kumwona daktari bingwa. Mwenye kiwanda, Urio, alitaka kilabu cha Aikande cha mbege, pombe ya kienyeji ya ndizi, kifungwe, maana kilitazamana na hoteli yake na kumwaibisha. Siku moja akavuka barabara na wageni wake, chupa ya Kilele mkononi.

"Onja hii, mama, ujue pombe ni kitu gani."

"Asante, Mangi," Aikande akajibu, akimpa heshima ya chifu. "Ngoja nikaiweke ndani ipoe. Nawe uonje ya hapa kwangu. Ikikushinda kumeza je?"

"Aliyeipika afunge biashara leo hii! Wageni wangu ni mashahidi."

Aikande akaingia ndani, akarudi na kibuyu. Urio akapiga funda moja, akalitema.

"Maji ya kuoshea masufuria! Mtu mzima unauzia watu uchafu huu?"

Wageni wakatikisa vichwa. Mmoja alisema harufu tu ilimtosha.

"Pole, Mangi," Aikande akasema, akaingia tena ndani, akarudi na kuiweka mezani chupa ya Kilele. Ilikuwa tupu. "Mbege yangu bado iko ndani ya pipa. Sasa unakwenda kufunga kiwanda, au unamalizia kwanza kibuyu?"